Shangazi, niifute flashi ya marehemu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu alikuwa dereva wa matatu, Kisumu–Kakamega. Aliugua akatuacha mwaka 2021. Nguo zake ziligawanywa. Nilichobaki nacho ni flashi aliyokuwa akichomeka kwenye redio ya gari: nyimbo 214, benga na rumba tupu. Kila jioni nikipika naiweka. Kuna wimbo mmoja siumalizi. Mwimbaji akinyamaza, magitaa yakabaki yenyewe, nazima. Hapo ndipo alipokuwa akipiga honi mara mbili tukikaribia Kiboswa, nami nimeketi kiti cha mbele, tukiwa bado wachumba. Sasa nimepata mwalimu, mtu mpole, anataka tuoane. Juzi alikuja kula. Katikati ya chakula akaweka kijiko chini, akasema: “Nyumba hii ina wanaume wawili.” Anataka niifute. Mwanangu ana miaka 12 na nyimbo zote anazijua. Nifanyeje?
Mjane, Nyalenda

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifute.

Tena kabla ya mambo ya mapenzi, tuongee habari ya chombo chenyewe. Flashi iliyokula vumbi na joto la barabara miaka hiyo yote hufa bila kuaga. Kesho ipeleke kwa hao vijana wanaojazia watu nyimbo pale steji, wakutolee nakala mbili. Moja ni ya mwanao. Huo ni urithi wake, na wewe huna ruhusa ya kuufuta, sembuse mwalimu.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilifuta. Mwaka 1994 mume wangu alihamia kwa mwingine, Nakuru, akasahau kanda ya dakika 60 aliyorekodi sebuleni kwetu, kinasa sauti kimewekwa mbele ya redio. Alikuwa amevunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili mtu asirekodi juu yake. Nikaziba matundu kwa selotepu, nikaenda nayo kanisani, nikarekodi kwaya. Nilitembea kurudi nyumbani kama aliyeshinda kesi.

Miezi ikapita. Siku moja naosha vyombo, kwaya ikaisha kabla ya utepe kuisha. Mkwaruzo, halafu gitaa, halafu kikohozi chake, halafu mimi mwenyewe nacheka, nasema: “Epua bwana, ugali unaungua!” Nikakaa sakafuni, mikono ina povu. Kikohozi kile hakikunifanya kitu. Kicheko ndicho kilichoniliza. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kucheka hivyo jikoni. Na hicho kipande hakikufika dakika nne. Zilizobaki nilikuwa nimezifunika kwa kwaya, na kwaya yenyewe, Mungu anisamehe, haikuwa nzuri.

Sasa mwalimu. D. O. Misiani, yule mwimbaji wa benga, alipofariki ajalini hapa Kisumu, Mei 2006, nilimkuta muuza omena mmoja Kibuye analia hata kupima hawezi. Nikamuuliza kama walijuana. Akasema hapana, ila mume wake alikuwa bubu kwa mambo ya mapenzi, na Misiani ndiye aliyekuwa akimsemea. Nafikiri mwalimu anaogopa kitu cha namna hiyo. Anaingia kwako na maneno yake mawili matatu ya upole, anakuta marehemu ana wasemaji 214.

Kwa hiyo hakukosea kuweka kijiko chini. Siku anayokuja kula, zima. Kumtaka ameze ugali huku akisubiri honi ya mwenzake ni kumwonea. Ila amri ya kufuta hana, na umwambie hivyo bila ukali, mapema, kabla ya mahari.

Mwambie na hili pia. Wanaochunguza kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba nyimbo zinazotushika zaidi ni zile za ujana wetu, takriban kati ya miaka 10 na 30. Wimbo atakaokuletea leo huenda usikushike kama ule wa kiti cha mbele, hata ukimpenda kuliko ulivyompenda marehemu. Asiupime upendo wako kwa hilo.

Na ule usioumalizi, usijilazimishe. Zamani benga nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Ukitaka magitaa ya mwisho ilibidi uinuke ukaigeuze. Wengine tulikuwa tumechoka, tukabaki tumekaa. Siku ukitaka kuinuka, utainuka. Na ukitaka tu kujua unavyoisha, si mwanao anaujua?

Halafu muulize mwalimu alikuwa akisikiliza nini akiwa na miaka 20, na alikuwa na nani. Akikwambia hakuwa na wimbo wowote, niandikie tena haraka.
Shangazi