Maswali ya Wasomaji: Urusi na majirani zake, nani kamchokoza nani?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Hapa maskani kwetu kahawa ikishamiminwa tu mada ni hiyo hiyo, wengine wasema NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na wenzake, ndio wamemzingira Urusi mpaka akachoka, wengine wasema Urusi mbabe tu. Mimi nauliza, hivi vijinchi kama Estonia si vingekaa kimya na jirani yao kuliko kujitia kwa Wamarekani? – Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam nduyangu. Hao wa kuzingirwa tuwape haki yao kidogo, manake 1990 waziri wa nje wa Marekani, James Baker, alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti uliotawaliwa kutoka Moscow, kwa mdomo kwamba NATO haitasogea hata inchi moja mashariki, walikuwa kwenye mazungumzo ya Ujerumani kuungana, lakini haikuandikwa kwenye mkataba wowote, halafu 1999 Poland, Hungary na Czech wakajiunga na NATO, 2004 wakajiunga nchi saba kwa mpigo, Estonia ikiwemo. Moscow wakanuna.

Sasa hao Estonia unaowaambia wakae kimya, 1940 walimezwa na Wasovieti, watu wao kwa maelfu wakapakiwa treni wakapelekwa Siberia, uhuru wakaupata tena 1991. Mtu kama huyo mlango ukiwa wazi wa kuingia NATO atangoja nini?

Na hebu tazama aliyepigwa ni nani. Aprili 2008 pale Bucharest NATO wakawaambia Georgia na Ukraine ipo siku mtakuwa wanachama, tarehe hawakutaja, na hapo mimi nawalaumu kabisa, wamemtia Urusi hasira halafu wamewaacha hawa wawili nje bila kinga. Agosti mwaka huo huo Urusi ikapigana vita na Georgia, siku tano tu, na Warusi mpaka leo wako Abkhazia na Ossetia Kusini, sehemu mbili zilizojitenga na Georgia. 2014 Urusi ikatwaa Crimea, rasi ya Ukraine, 2022 ikavamia Ukraine kwa jumla, na Ukraine hiyo hiyo 1994 ilikubali kutoa silaha za nyuklia Urusi ikatia saini kuheshimu mipaka yake.

Lakini Finland, mpaka wake na Urusi yapata kilomita 1,340, imeingia NATO Aprili 2023 na haikuvamiwa, Urusi walifoka tu. Kama shida ni NATO kufika mlangoni, mbona basi Finland haikupigwa?

SWALI: NATO mbona hawaingii wenyewe vitani Ukraine, waogopa? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndio, waogopa, nyuklia si mchezo. Tena ile ibara ya 5 ya mkataba wa NATO, kwamba akipigwa mmoja wamepigwa wote, ni ya wanachama na Ukraine si mwanachama. Imetumika mara moja tu, 2001 baada ya Marekani kushambuliwa.

SWALI: Mahamri yamekuwa madogo, muuzaji asingizia vita vya Ukraine. Kweli? – Msomaji, Majengo

JIBU: Vilipoanza alikuwa na haki, manake ngano nyingi ya Kenya inashukishwa hapa hapa Kilindini, na Urusi na Ukraine ni kati ya wauzaji wetu wakubwa. Vita vikafunga bandari za Ukraine, ngano ikapanda dunia nzima, Julai 2022 Uturuki na Umoja wa Mataifa wakasimamia meli za nafaka zipite Bahari Nyeusi, mwaka mmoja baadaye Urusi ikajitoa. Lakini bei ya ngano duniani ilishateremka zamani kutoka pale ilipofika 2022, kwa hivyo muulize mbona mahamri hayajarudi ukubwa wake.