Mbadala wa 2SD424 na 2SB554

Ndugu, umesema amplifaya ya mzee imeunguza transista zake za kutoa sauti, 2SD424 na 2SB554, na zile mpya ulizouziwa hapo Kisumu kwa bei ya kutupa zimekufa mara tu ulipopandisha sauti. Chukua moja iliyokufa ukate kofia yake kwa msumeno wa chuma. Ukikuta ndani kipande cha silikoni kidogo kama punje ya mtama, ni feki. Transista halisi ya wati 150 ina kipande kipana zaidi.

Mimi ningeweka MJ21194 badala ya 2SD424, na MJ21193 badala ya 2SB554. Umbo ni lilelile la TO-3 (kofia ya chuma ya kufungwa kwa skrubu mbili), kwa hiyo hutoboi hitisinki, yaani bamba la kupozea, upya, na zinabeba volti 250, ampia 16 na wati 250. Agiza kwa msambazaji anayetambuliwa na kiwanda, hata kama ni ghali na utangoje. Au zunguka soko la Kibuye hapo Kisumu utafute amplifaya mbovu ya kuvunja. Spea iliyotoka na solda ya kiwandani naiamini kuliko "mpya" yenye maandishi yanayong'aa.

Badilisha zote mbili, upime na vipinga vya emita na transista za dereva (ndogo zinazosukuma hizi kubwa), maana huungua pamoja. Weka maika (kikaratasi cha kuzuia umeme) na pesti mpya ya kupitisha joto: kofia ya TO-3 ndiyo kolekta, mguu mmoja wa transista, ikigusa hitisinki ni shoti. Tafadhali usiwashe moja kwa moja. Pitisha umeme wa amplifaya kwanza kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60, iliyofungwa kwa mfululizo na waya wake wa umeme. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima haraka, bado kuna shoti.