Kilwa Kisiwani kwa miguu: anzeni na Husuni Kubwa

Makundi mengi yanayokwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale pwani ya kusini mwa Tanzania, hukosea kwa kuanza na kilicho karibu. Boti hufika mbele ya Gereza, yaani ngome ya kale ya ufukoni, basi hapo hapo zinaanza picha: mlangoni, ukutani, mmoja mmoja, kisha wote. Wakija kumaliza Makutani, gofu la kasri jingine la hapo mjini, ni saa sita, chupa za maji tupu, na Husuni Kubwa, kasri lililo mashariki mwendo wa zaidi ya kilomita moja, wanaishia kulisikia tu.

Geuzeni mpango. Vukeni kutoka Kilwa Masoko, mji wa bara ulio ng'ambo, saa moja asubuhi, pitilizeni Gereza bila kusimama, Husuni mfike kabla ya saa tatu. Magofu ya mjini yatawangoja. Kibali cha kutembelea magofu na mwongozaji vitafuteni Kilwa Masoko tangu mchana wa jana yake, maana ukisubiri ofisi ifunguliwe asubuhi umeshachelewa.

Tena bahari ina saa zake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa kwenye saa kumi jioni. Mkivuka saa nne siku hizo, boti itakwama mbali na ufuko nanyi mtashuka topeni, viatu mkononi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza nahodha bei, muulizeni maji yanapwa saa ngapi. Bei yenyewe ipataneni ya boti nzima, kwenda, kusubiri na kurudi, na sehemu ya fedha ibaki mikononi mwenu mpaka mrudi Masoko.

Husuni Kubwa ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya mwamba unaotazama bahari. Ni sultani huyo huyo aliyekuwa akitawala msafiri maarufu Ibn Battuta, kutoka Moroko, alipofika mwaka 1331. Msiishie kwenye bwawa la pembe nane, ingawa ndilo linalopigwa picha zaidi. Nendeni pia kwenye ua mkubwa wa kusini, penye safu za vyumba vya bidhaa. Hapo ndipo utaelewa kwamba kasri lilikuwa pia nyumba ya biashara.

Mkirudi mjini, Msikiti Mkuu unasomeka kirahisi ukishajua kwamba pwani hii kibla kiko kaskazini. Tafuteni mihirabu kwanza: upande huo ndio msikiti wa zamani, mdogo, kusini ni upanuzi wenye kuba. Kisha sogeeni karibu kabisa na mawe. La ukutani ni tumbawe gumu lenye mashimo ya ovyo ovyo. La mihirabu lina vitundu vidogo vya kulingana, kwa sababu lilikatwa baharini likiwa bado bichi, likachongwa likiwa laini, ndipo likakauka likawa gumu. Macho tu lakini, msipande kuta: chokaa iliyoyashika mawe hayo inamomonyoka. Vigae vya vyombo vya kale vilivyotapakaa chini navyo viacheni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda.

Watu sita wanatosha. Wakizidi, wa nyuma hawamsikii mwongozaji na huanza kujitungia historia. Mpenda kamera atembee mbele, siyo nyuma: atapata picha zisizo na watu, nanyi hamtamsubiri. Kila mtu na lita mbili za maji na viatu vya kufunika vidole. Ndala na mawe ya matumbawe havipatani. Kisiwa kina wenyeji, na wengi ni Waislamu, kwa hiyo vaeni kwa stara na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Kati ya Juni na Septemba, kusi huvuma zaidi mchana na mkondo huchafuka. Saa nane muwe ufukoni, simu zikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na atakayekaa upande wa upepo ajue ataloa.