Yule nyoka mwenye pembe wa Amani

Ndugu, umeuliza kuhusu nyoka mdogo wa manjano mwenye "pembe" aliyekutwa na wavuna iliki kichakani kule Amani, milimani Usambara, wazee wakisema ni jini. Kwa maelezo yako, huyo ni yule ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Atheris ceratophora, nyoka wa misitu ya milima ya Tanzania tu: Usambara, Uluguru na Udzungwa. Duniani kwingine hayupo.

Hizo si pembe za mfupa. Ni magamba yaliyochongoka juu ya kila jicho, kama kope. Rangi isikupoteze, maana wapo wa manjano, wa kijivu, hata weusi. Tazama kichwa kipana cha pembetatu, magamba yenye kukwaruza, na urefu ambao kwa kawaida haufiki nusu mita. Usimchanganye na kifutu: kifutu ni mnene, hukaa chini, tena hana pembe.

Ana sumu, na dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa sumu yake haipo. Kwa hiyo msimshike. Akiuma, tulizeni kiungo, msichanje wala kufunga kamba, wahini hospitali.

Nakuomba sana, waambie wasimuue. Msitu ule ukiisha, naye kwisha.