Mwenyekiti anaweza kunitoa kamatini peke yake?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kusaidiana hapa Kayole, Nairobi. Tumesajiliwa kwa Msajili wa Vyama na tuko wanachama 64. Nilichaguliwa kwa kura katika mkutano mkuu wa mwaka jana. Juzi saa nne usiku mwenyekiti aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mimi si mwanakamati tena, na nimkabidhi daftari na kitabu cha risiti kabla ya Jumapili. Kosa langu ni kukataa kutia sahihi hundi ambayo kamati haikuijadili. Je, ana uwezo huo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hana, labda iwe katiba ya chama chenu imempa kwa maandishi. Mimi nimekaa kwenye kamati za mitaani miaka mingi na sijaona katiba inayomruhusu mtu mmoja kumpiga kalamu aliyechaguliwa na wote. Itafute nakala leo uisome mwenyewe, hasa pale panapoelezwa mwanakamati anaingiaje na anatokaje. Wewe uliwekwa na mkutano, kwa hivyo mkutano ndio wa kukutoa. Kama mwenyekiti angekuwa amekuteua ujaze nafasi tu, na katiba ikampa ruhusa hiyo, ningekujibu vingine.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nililifanya mimi. Nilikuwa mwenyekiti wa chama cha mazishi Makongeni. Mweka hazina wetu alichelewesha pesa za jeneza siku mbili, familia ikahangaika mochari. Usiku ule nikamwandikia barua ya kumtoa, asubuhi nikampelekea katibu aipige muhuri. Yule mama akaisoma, akaniuliza, “Hii ni kwa kumbukumbu za mkutano upi?” Sikuwa na jibu. Nikaenda benki kubadilisha watia sahihi, nako wakataka kumbukumbu zilezile. Nilirudi nimenyamaza. Tukaita mkutano maalum, ajenda ikaandikwa wazi, naye mweka hazina akapewa nafasi ya kujieleza mbele ya watu. Alieleza kwa karibu saa nzima. Wanachama walimtoa kwa kura, na daftari akalikabidhi hapohapo, bila ugomvi.

Hata kwenye kampuni mambo ni hayo. Sheria ya Kampuni ya 2015 inawapa wanahisa uwezo wa kumwondoa mkurugenzi, kwa kura na kwa notisi maalum, na mkurugenzi ana haki ya kujitetea. Mwenyekiti wa bodi hakupewa uwezo huo peke yake.

Sasa wewe fanya hivi. Mwandikie katibu barua, nakala kwa mwenyekiti, uulize umetolewa na kikao kipi, cha tarehe gani, kwa kifungu kipi cha katiba, na akidi, yaani idadi ya watu inayohalalisha kikao, ilikuwa watu wangapi. Usijibizane na mtu kwenye simu. Kisha angalia katiba inataka wanachama wangapi ili mkutano maalum uitishwe, ukusanye sahihi zao. Chama kikibadilisha maafisa, Msajili anapaswa kuarifiwa ndani ya siku 14, kwa hivyo pita ofisi yake, Sheria House, Harambee Avenue, uulize majina gani yako kwenye faili lenu. Ukikuta jina lako limefutwa, andika pingamizi na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu daftari, mwanangu, usilifiche. Ni mali ya chama, na ukilificha utakuwa umempa mwenyekiti sababu ambayo leo hana. Lakini usimpe yeye peke yake sebuleni kwake. Piga picha kila ukurasa na kila kishina cha risiti, halafu ulipeleke mkutanoni. Na hundi ile, mpaka kamati ikae iipitishe, endelea kukataa.