Ameniita mbumbumbu, nimrudishie?

SWALI: Mimi na mwenzangu tunalima mboga kwa kujifurahisha na kuandika mtandaoni tunayojifunza. Aliandika kwamba majivu huongeza naitrojeni (kirutubisho cha mimea) kwenye udongo. Nilipompinga, akaniita mbumbumbu mbele ya wasomaji. Nimjibuje?

JIBU: Usimrudishie tusi. Wasomaji watasahau majivu na kushabikia ugomvi, na hapo atakayefaidika ni mwenye kosa. Lala kwanza. Kesho yake nukuu sentensi yake moja, neno kwa neno, ueleze: kuni zikiungua, naitrojeni karibu yote hupotea na moshi, hubaki chokaa na potasiamu. Taja na alipopatia, maana majivu kweli husaidia udongo wenye asidi. Kumwita “profesa” kwa kejeli nako ni tusi, limevaa koti tu.

Jibu mara moja, zisizidi mbili. Akikuandama, hifadhi picha za maneno yake zikionyesha tarehe. Kwa Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini kwa “mbumbumbu” moja, wacha polisi wapumzike.