Mama ana saratani kwapani, chanzo hakionekani

Pole sana, dada. Nimeelewa: uvimbe wa kwapani umepimwa, jibu ni adenokasinoma (saratani inayoanzia kwenye seli za tezi), mamogramu (eksirei ya matiti) haikuona kitu, na sasa jamaa wanasema daktari anabahatisha. Habahatishi. Kati ya saratani 100, takriban 2 hadi 5 hugunduliwa zikiwa zimesambaa na chanzo hakionekani.

Kwanza ulizia ile bloku ya nta yenye kipande cha nyama ya mama. Maabara huitunza, na mnaweza kuomba ipelekwe kwingine bila mama kukatwa tena. Kutoka kwenye bloku hiyo hufanywa vipimo vya immunohistokemia, yaani kupaka seli rangi ili kuonyesha protini zake, vikiwemo vya vipokezi vya homoni ya estrojeni na protini ya HER2, kutafuta asili ya seli. Kisha uliza kuhusu MRI (picha ya sumaku) ya matiti, maana huona vinavyojificha kwenye mamogramu, na CT (skani ya eksirei) ya kifua na tumbo. Msilipie kila skani mnayotajiwa. Pesa zitaisha na matibabu yatachelewa.

Kuhusu matarajio: mwanamke ambaye adenokasinoma iko kwapani pekee yuko katika kundi lenye matumaini. Hutibiwa kama saratani ya matiti. Ikishafika kwenye ini, au mgonjwa akishinda kitandani, hali huwa nzito zaidi. Kwa hivyo mweleze daktari ukweli: mama bado anajipikia? Anafika stejini kwa miguu?

Ombeni rufaa kwa daktari wa saratani, hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu au ya Moi kule Eldoret. Mama akishindwa kupumua au miguu ikiishiwa nguvu, msingoje siku ya kliniki.